Samaki Tangini, Sukuma Wiki Kokotoni

Kondakta wa matatu ya Kisii kwenda Migori aliniuliza shughuli yangu, nikamwambia ninakwenda kuwatazama watu wanaofuga samaki kwenye matangi nyumbani na kukuza mboga kwa maji hayo hayo. "Samaki wa tangi?" alisema kwa sauti iliyofika hadi kiti cha mwisho. "Kwani ziwa limehama?" Gari zima likacheka, isipokuwa mama mmoja aliyeketi nyuma yangu na ndoo katikati ya miguu yake. "Ziwa lipo," alisema. "Samaki ndio waliohama."

Tuliongea naye hadi Rongo. Ni mchuuzi wa samaki, na ndoo ile ilikuwa na samaki wa barafu kutoka China, aliowanunua Kisii ili akawakaange jioni mjini Migori. Zamani alikuwa akienda Sori, ufuoni mwa ziwa, alfajiri na kurudi na beseni limejaa. Siku hizi unaweza kungoja mashua hadi jua limekuwa kali, na zikifika, samaki wakubwa tayari wana wenyewe. "Na wale wanaobaki, mwanangu, mvuvi mwingine hataki pesa tu." Hakueleza zaidi, wala hakuna aliyemuuliza. Mtindo huo wa samaki kwa ngono unajulikana pwani yote ya ziwa kwa jina la jaboya, nao umewaumiza akina mama wengi.

Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Viktoria, na wavuvi wa Migori na Homa Bay wanaigawana sehemu hiyo na wenzao wa Kisumu, Siaya na Busia. Ngege na mbiru wa asili, waliolisha vizazi vya Waluo na Wasuba, walizidiwa baada ya mbuta, yaani sangara, kutiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, pamoja na nyamami, yule sato wa Mto Nile ambaye leo mtu akiagiza ngege hotelini ndiye anayeletewa. Gugumaji likaja mnamo miaka ya 1990. Omena nao hupumzishwa kwa miezi 4 kila mwaka, Aprili hadi Julai, na miezi hiyo huwa mirefu sana kwa familia inayowategemea. Kwa hiyo swali la kondakta lilikuwa la mzaha, lakini jibu lake lipo.

Kutoka Rongo barabara inashuka kupitia miwa ya Awendo na Uriri hadi mji wa Migori, kisha inaendelea Isebania mpakani. Mwenyeji wangu anaishi upande wa Suna. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na kabla hata uji haujapoa alikuwa amekwisha kunipeleka nyuma ya nyumba.

Mtambo wake hautishi. Alinunua tangi la plastiki nyeupe la lita 1,000, la aina ile inayozungushiwa vyuma, baada ya kuhakikisha kwamba lilikuwa limebeba mafuta ya kupikia na wala si dawa za kemikali. Akalikata kiasi cha theluthi moja kutoka juu. Sehemu ya chini ikawa makao ya samaki. Ya juu ikapinduliwa, ikajazwa kokoto na kuwekwa kando juu ya mawe ya kujengea, ikawa kitanda cha mboga. Vitanda vingine viwili alivitengeneza kwa mbao na nailoni nzito ya kutandika mabwawani. Kila kimoja kina eneo la mita moja ya mraba na kina cha sentimita 30 za kokoto tupu. Udongo hakuna hata chembe. Ndani ya tangi imezamishwa pampu ndogo ya wati 25 inayopandisha maji vitandani mchana na usiku, na juu ya paa la mabati kuna paneli ya sola na betri ya kuiendesha stima inapopotea.

Niliinama juu ya kitanda cha katikati. Maji hayaonekani, yanapanda kimya chini ya kokoto huku sukuma wiki zikiwa zimesimama wima utadhani zimepandwa kwenye mbolea ya ng'ombe. Katikati kuna bomba fupi lililosimama, limefunikwa na bomba jingine pana lililozibwa juu na kutobolewa chini. Maji yakifika kimo cha lile bomba la ndani yanaanza kumwagikia humo kidogo kidogo, halafu ghafla yanajivuta yenyewe: kitanda chote kinakoroma, na maji yanaporomoka kurudi tangini kwa mkupuo mmoja hadi kitanda kinabaki kinyevu tu. Mizizi inapata hewa. Kisha maji yanaanza kupanda tena. Hakuna swichi wala kifaa cha kuhesabu saa, ni uzito wa maji na hewa iliyofungiwa. Samaki nao wameuzoea mlio huo, ukisikika wanapanda juu.

"Wanafikiri ni chakula," Mwalimu alisema, akawatupia punje chache.

Sayansi yenyewe ni fupi. Samaki anatoa amonia, nyingi kupitia matamvua yake, na amonia ikijaa ndani ya maji humuua. Juu ya kokoto wanakaa bakteria wa aina mbili. Wa kwanza wanaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu kwa samaki, na wa pili wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na mboga inaitamani. Maji yanarudi tangini yakiwa safi. Huu ndio ufugaji unaoitwa akwaponiki. Wachina walifuga samaki ndani ya majaruba ya mpunga tangu kale, lakini mtindo huu wa mzunguko uliwekwa sawa katika miaka ya 1980, na Mark McMurtry na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, na James Rakocy katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin. Mwalimu anatumia mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Ameuchapisha saiba, ameujalidi kwa gundi, na pembezoni umejaa maandishi ya kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi mzembe.

Mwongozo huo unamtaka mtu aendeshe mtambo kwa wiki kadhaa kabla ya kujaza samaki, ili bakteria wazaliane. Kwenye joto kama letu huchukua kati ya siku 25 na 40. Mwalimu alitii. Kwa muda wote huo pampu yake ilizungusha maji matupu yenye amonia kidogo, na majirani wakapita wakiulizana kama mzee ameanza kufuga maji. Jirani mmoja aliyeiga mtambo huo hakuwa na subira: alitia vifaranga siku ile ile aliyomaliza kuunganisha mabomba. Kwake tulipata tangi limegeuzwa la kunyweshea ndama.

Nilitaka kujua faida. Mwalimu hakunijibu kwa maneno. Alitoa chaki mfukoni (nadhani walimu wa zamani hawastaafu pamoja na chaki zao) akaanza kuandika kwenye ukuta wa jikoni. Kitanda cha mboga za majani chenye mita moja ya mraba kinahitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kila siku, maana mbolea ya mboga inaanzia kwenye chakula hicho. Vitanda 3, gramu 120 hadi 150. Samaki anayekaribia kuvuliwa hula kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku. Kwa hiyo vitanda 3 vinataka samaki wenye uzito wa kilo 6 hadi 7 na nusu, yaani samaki 20 hadi 25 wa gramu 300. Ukitia zaidi ya hapo, vitanda havitaweza kusafisha maji. Na nyamami wa hapa, kwa joto hili na chakula kizuri, hufikia uzito huo katika miezi 6 hadi 8.

"Sasa piga hesabu," alisema. "Kwa mwaka nitavua 40 hivi. Sisi ni 6 nyumbani. Tukila samaki kila Jumapili, kila mtu wake, wanaisha wiki ya saba."

Nilishtuka kidogo. Matangazo ya mitambo hii huonyesha tangi limejaa samaki hadi maji yamekuwa meusi. Nikamuuliza basi anahangaikia nini.

Mkewe ndiye aliyejibu, akiwa anachambua mboga za osuga mlangoni. Shamba lao la mboga la zamani lilikuwa chini karibu na mto, na kiangazi cha Januari na Februari alilinywesha kwa mitungi kila jioni hadi mgongo ukakataa. Mtambo huu unapoteza asilimia 1 hadi 3 ya maji kwa siku, kwa mvuke na kwa kile kinachonywewa na mboga. Tangi likiwa na lita 600, hiyo ni lita 6 hadi 18. "Mwalimu anapenda samaki wake," alisema. "Mimi napenda mtungi wangu mmoja." Miche 24 ya sukuma wiki, minane kila kitanda, inachumwa kila wiki hata jua likiwa kali, na wateja wanakuja nyumbani wenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitu hiki ni bustani yenye samaki wachache, na anayekiendea akiwa na ndoto ya kuuza samaki atavunjika moyo mapema.

Niliaga nikiwa na onyo moja la Mwalimu kuhusu kokoto. Zake ni za mawe ya granaiti, alizipima kwanza. Unachukua mawe machache, unayatia kwenye glasi ya siki au maji ya limau. Yakitoa povu, yana chokaa ndani yake, na chokaa hiyo itayeyuka taratibu na kulifanya tangi liwe na maji makali ya magadi. Tena nisiokote kokoto Macalder hata nikipewa bure. Niliona sababu njiani. Barabara ya kwenda Sori inapita Masara na Macalder, nchi ya dhahabu, ambako wachimbaji wadogo wanasaga mawe na kukamata vumbi la dhahabu kwa zebaki. Malundo ya mchanga uliokwisha kuoshwa yako kila mahali, meupe, laini, yanavutia. Mtu asiyejua angeyaona ni mali ya bure ya kujazia vitanda, halafu ale zebaki pamoja na sukuma wiki.

Sori nilikaa kidogo tu, nikala omena, nikapanda gari la Rodi Kopany kupitia Ndhiwa. Ndhiwa iko mbali na maji kiasi cha kuwafanya watu wafikirie mabwawa, na hapo nilionyeshwa historia iliyomea mafunjo. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchangamsha uchumi ambao ndani yake yalichimbwa mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, bwawa moja mita za mraba 300, na vifaranga 1,000 kila bwawa. Nchi nzima ilifuga samaki. Kisha chakula cha bure kikaisha, na mabwawa mengi yakaachiwa vyura. Hili nililoliona lilikuwa na kenge amejinyosha ukingoni kama mwenye hati ya shamba.

Lakini boma la pili kutoka hapo lina bwawa la mpango ule ule, na lingali linafanya kazi. Mwenye bwawa ni mjane, na hajawahi kulisikia neno akwaponiki. Bwawa lake liko juu kidogo ya shamba. Kila wiki anafungua bomba, maji ya kijani yaliyojaa kinyesi cha samaki yanateremka kwenye mifereji ya kunde, managu na nyanya, naye anajaza bwawa upya kutoka kwenye kijito. Hana pampu wala betri wala kokoto. Nyamami wake hukua polepole kwa kuwa anawalisha pumba na mabaki, ila hawajapata kuisha. Wataalamu wa uvuvi wa kaunti humtembelea: Migori na Homa Bay zote mbili zimo kwenye kaunti 15 za mradi wa ufugaji wa samaki unaofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, ulioanza mwaka 2018. Mama alinionyesha kitu kimoja tu kwa fahari, nacho ni kamba alizozitandaza juu ya bwawa ili kumzuia mdiria, ndege asiyekosa shabaha.

Homa Bay mjini mambo ni mengine. Watu wamebanana chini ya mlima Asego, viwanja ni vidogo, na udongo mweusi hupasuka kiangazi na kunasa viatu masika. Kijana mmoja fundi wa pikipiki amejenga mtambo kwenye ua wa nyumba ya kupanga, matangi mawili na vitanda vinne, nadhifu kuliko wa Mwalimu. Tatizo nililiona kabla hajasema. Majani machanga ya sukuma wiki yalikuwa ya manjano, na mishipa tu imebaki kijani.

"Mzee, nimetia kila kitu," alisema. "Hata chakula cha bei nimenunua."

Nikamuuliza kokoto alizitoa wapi. Akanyoosha mkono kaskazini, kule unakoonekana Mlima Homa.

Mlima Homa ni volkeno ya zamani ya ajabu. Mwamba wake mwingi ulipanda kutoka chini ukiwa umejaa kaboneti, jamaa ya chokaa, na vilima vya Ruri huko upande wa Lambwe ni vya ukoo huo huo. Tulinunua limau dukani, tukalikamulia juu ya kokoto tatu kwenye kifuniko cha sufuria. Povu lilitoka papo hapo, dogo jeupe, linachemka kwenye nyufa za jiwe. Akapima pH ya maji kwa matone yake ya rangi: ilikuwa imepita 8, na mtambo kama huu unataka kati ya 6 na 7. Maji yakiwa makali hivyo mboga haiwezi kunyonya madini ya chuma hata ukimwaga gunia zima, na amonia ile ile ambayo samaki angeivumilia inakuwa sumu kali zaidi. Chakula cha bei hakingemsaidia. Ni vitanda vyote vinne kumwagwa na kujazwa mawe mengine. Alikaa chini juu ya tairi kuukuu, akaziangalia kokoto alizozibeba kwa mkokoteni, akatukana kidogo kwa Kijaluo. Hata mimi ningetukana.

Pigo lake jingine lilikuwa stima. Usiku mmoja ilipotea, pampu ikasimama, na kufika asubuhi samaki wakubwa walikuwa wanaelea. Wadogo walipona. Hilo si la matangi peke yake: mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba ndani ya ziwa, upande huu wa Kenya, walipoteza samaki wengi sana maji yalipopungukiwa oksijeni. Ila ziwani mtu humlaumu Mungu au upepo. Kwenye tangi dogo samaki wanaweza kufa kabla hujarudi kutoka msibani.

Jioni tulishuka naye sokoni. Wanawake walikuwa wanauza omena kwa gorogoro, na pembeni yao magunia ya ochong'a, uduvi mdogo wa ziwani unaosagwa kuwa chakula cha mifugo. Humo ndimo protini ya chakula cha samaki inamotoka, pamoja na soya na mashudu ya pamba, na chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama ya mfugaji. Yaani bado tunalivua ziwa ili tulishe samaki wa nyumbani. Kuna wanaojaribu funza wa inzi askari mweusi badala ya omena, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye kampasi yake Mbita, kimefanya kazi kubwa juu ya wadudu kama chakula cha mifugo. Natumaini kazi hiyo itafika hadi kwenye magunia ya soko hili kwa bei ya kijana yule, maana chakula cha bei alichokuwa akinunua kilikuwa kinamfilisi kabla hata mawe hayajamharibia.

Kama ningeulizwa na kondakta yule sasa, ningemwambia hivi. Mwenye shamba lenye mteremko na kijito karibu, akachimbe bwawa juu na kupanda mboga chini, afuate mjane wa Ndhiwa. Hahitaji mtambo. Anayeishi kwenye kiwanja kidogo mjini, au mahali ambapo maji ni ya kubeba kichwani, huyo tangi na kokoto zitamfaa, mradi ahesabu sukuma wiki kwanza na samaki baadaye, akumbuke kwamba dawa ya kunyunyizia vidukari itaua samaki wake, na aache maji ya bomba yakae wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Pampu aifungie betri kabla ya kununua kifaranga hata kimoja. Na mkazi yeyote wa Homa Bay anayesoma haya akiwa amekwisha kuagiza lori la kokoto, anunue limau leo, kabla lori halijafika.